Ukurasa Uliosomwa Mpaka Ukalala

Maktaba, Shule ya Wasioona
4 Februari

Kwa Mwandishi wa kitabu cha ndugu wawili waashi,

Salamu nyingi. Hunijui, na barua hii imepitia kwa mchapishaji wako kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Mimi ni mnakili. Kazi yangu ni kuchukua vitabu vya watu wanaoona na kuviandika upya kwa nukta nundu, zile nukta zilizovimba ambazo asiyeona huzisoma kwa ncha za vidole. Nina mashine yenye vitufe sita na kelele kama cherehani iliyokasirika, na nimekaa mbele yake miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi walinibandika jina la Mama Nukta zamani sana. Siku hizi hata mwalimu mkuu akinitambulisha kwa wageni husema hivyohivyo, la kwenye kitambulisho kalisahau.

Kitabu chako nilikinakili miaka minne iliyopita. Kwako kinaingia kwenye mkoba. Kwangu kimekuwa juzuu tano, kila moja pana kama sinia, zimejaza rafu peke yake.

Nikueleze jambo ambalo wenye macho hawalijui. Nukta si chuma, ni karatasi iliyovimba tu. Kila kidole kinachopita huisukuma chini kidogo, kwa hiyo kitabu chetu kikipendwa hakichaniki, kinafutika. Nimeona vingi vikichakaa, huku mstari, kule kona. Lakini kitu hiki sijapata kukiona tangu nianze kazi: juzuu yako ya nne, ukurasa wa 61, umelala wote, kama shuka iliyopigwa pasi. Ukurasa wa 60 mzima, wa 62 mzima. Huo mmoja umesomwa mpaka ukaisha.

Jana niliupeleka dirishani, nikauinamisha kwenye mwanga, nikautafuta. Hamna kitu. Hamna, mwanangu.

Naomba ruhusa yako niunakili upya. Najua ruhusa ya kitabu chote ulishaitoa. Nimeona niulize tena, nina sababu zangu.

Wako katika kazi,
Mama Nukta

---

26 Februari

Mama Nukta mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikamsomea mama yangu, naye akaitia kwenye kabati la vyombo vya wageni. Hapo ndipo anapoweka vitu vya thamani.

Ruhusa unayo, hata mara mia! Ni heshima iliyoje kwa kalamu yangu, kwamba maneno yaliyochuruzika moyoni mwangu yamefutwa na vidole vya watu kwa mapenzi. Wahakiki waliniandikia sifa nyingi kitabu kilipotoka, lakini hakuna aliyenipa sifa kama hii.

Niambie, ni ukurasa gani? Hesabu ya juzuu zako sina. Kinatokea nini hapo?

Mimi asubuhi nafanya kazi masjala ya ardhi, natafuta mafaili ya viwanja vya watu. Mchana narudi, najifungia chumba cha nyuma, na wageni wakija Mama huweka kidole mdomoni: "Shh. Anaandika." Waambie wasomaji wako kwamba kitabu cha pili kimefika pazuri. Bado kukiremba tu.

Kwa unyenyekevu,
Mwandishi

---

15 Machi

Mwanangu Mwandishi,

Marahaba. Msalimie mama yako, mwambie kabati hilo nimelipenda.

Ukurasa wenyewe ni pale ndugu wawili wanapokutana baada ya miaka kumi na moja.

Wanaousoma ni wengi. Darasa la saba wanaupokezana. Lakini nikutajie mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, sasa ni opareta wa simu hospitalini. Ana sauti ambayo mgonjwa akiisikia anasahau alikuwa anapiga simu kulalamika. Huyu huja kila Jumamosi, saa nne kamili. Hasomi kitabu. Anachukua juzuu ya nne, anafungua palepale, anasoma ukurasa mmoja, anafunga, anasema "Asante Mama Nukta," anakwenda zake. Mwaka wa tatu huu. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nina dada yangu." Akaishia hapo, nami nikaishia hapo.

Nilipowaambia kuwa cha pili kinakuja walipiga meza kwa viganja mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuuliza kuna nini. Sasa kila Jumatatu wananiuliza: "Bado tu?" Nawajibu kizuri hakikimbizwi.

Mama Nukta

---

2 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Nilijua! Nilijua tu utakuwa ule mkutano. Sura hiyo ilinichukua miezi minne. Kuna pale mkubwa anaposema: "Ndugu yangu, miaka kumi na moja imepita kati yetu kama mto usio na kivuko, na kila asubuhi nimesimama ukingoni nikiliita jina lako." Nilipoiandika nililia. Je, ndio mstari wanaoupenda? Au ni ile hotuba ya mdogo kuhusu msamaha?

Nina ombi. Niandikie ukurasa huo kwa wino, jinsi ulivyo kwenye juzuu yako, mwanzo mpaka mwisho. Najua kitabu ninacho. Nataka kuuona kama wao wanavyoupata, umekatwa wapi, unaanzia neno gani, unaishia wapi. Huenda ukanisaidia.

Maana nikuambie wewe tu: nimekwama kidogo. Si sana. Siku mbili tatu hizi.

Mwandishi

---

30 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo karibu mwezi. Nimeanza jibu mara nne. Sasa nasema, na baada ya kusema utafanya utakavyoona.

Huo mstari wa mto usio na kivuko sijawahi kuusoma. Hiyo hotuba ya msamaha siijui.

Nakala ya kitabu chako niliyoletewa ilikuwa na kasoro ya mtambo. Kurasa kumi na sita, kuanzia pale mdogo anapoukaribia ukuta, hazikuwa na chapa. Nyeupe, mbele na nyuma. Niliandika barua kwa mchapishaji, kimya. Nikaandika ya pili, kimya. Duka la vitabu wakasema zimekwisha. Na huku darasa lilikuwa limeshamaliza juzuu tatu na nusu, kila asubuhi wananisubiri mlangoni: "Wamekutana? Mama Nukta, wamekutana?"

Kazi yetu ina amri moja: usiongeze, usipunguze. Mtu anayeona akikitilia shaka kitabu, anaazima nakala nyingine. Asiyeona anaamini mikono yangu. Nimewafundisha amri hiyo wanakili wanane.

Siku ya tatu ya kuikodolea macho karatasi nyeupe, nilitazama nje. Palikuwa na waashi wawili wanatengeneza ukuta wa jiko la shule. Asubuhi hiyo walikuwa wamegombana, shule nzima iliwasikia. Sasa walikuwa wanajenga. Huyu anapandisha tofali, yule anapokea. Hawaongei, lakini mikono haikukosana hata mara moja. Niliwatazama mpaka kengele ya chakula. Kisha nikageukia mashine, na vidole vyangu vikaanza.

Mwanangu, sikuwa nafikiri. Miaka yote vidole hivi vilikuwa vinafuata maneno ya mtu mwingine. Siku hiyo vilitangulia, mimi nikawa navifuata. Kurasa tatu tu. Nilipomaliza nilipapasa nilichoandika, maana macho yalikuwa yamejaa maji, na nikasoma maneno ambayo hakuna mwashi aliyeyasema na mimi sikuwahi kuyawaza. Niliogopa. Nilitazama mlangoni kama kuna mtu aliyeingia.

Ulioisha ni ule wa mwisho kati ya hizo tatu. Huu hapa:

*Mdogo alifika jua limeshapanda. Mkubwa alikuwa juu ya jukwaa, anajenga. Hakugeuka. Mdogo akavua shati, akalitundika kwenye msumari, akaanza kupandisha matofali. Moja, moja. Mkubwa aliyapokea bila kutazama, maana mkono aliujua. Wakajenga hivyo mpaka adhuhuri. Mistari saba. Ndipo mdogo akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukuta.*

*"Hapo pamepinda," akasema.*

*"Najua. Pamepinda tangu ulipoondoka."*

*"Tubomoe?"*

*"Kesho."*

*Wakaenda kunawa.*

Basi. Nilitaka kukwambia tangu barua ya kwanza, ulimi ukawa mzito. Sifa ulizozipokea nilizitazama zikienda kwako nikanyamaza, na hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Mama Nukta

---

6 Mei

Bibi Mnakili,

Umeingia nyumbani kwangu, ukabomoa chumba, ukajenga chako, ukawakaribisha wageni, halafu ukanipongeza kwa uzuri wa nyumba.

Umeniacha niwasomee watu barua yako. Umemwacha mama yangu aionyeshe kwa majirani.

Usiniandikie tena. Mwalimu mkuu wako atapata barua yangu.

Mwandishi

---

20 Mei

Mwandishi,

Umeniambia nisiandike. Hii ni ya mwisho, na ni fupi.

Usijisumbue kumwandikia mwalimu mkuu. Nilikwenda ofisini kwake mwenyewe siku barua yako ilipofika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema, "Mama, wewe ndiye uliyetufundisha sisi." Kisha akaja nami maktaba, akachukua kifuniko, akaifunika mashine kwa mikono yake. Sitaigusa mpaka wewe useme neno. Kustaafu kwangu kumebaki miaka miwili. Juzuu ya nne imetolewa kwenye rafu.

Wasomaji nimewaeleza mwenyewe, Jumamosi, opareta akiwepo. Yeye ndiye aliyesema: "Kwa hiyo kuna nyingine? Ya mwenyewe? Tutaipata lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Sawa. Lakini ile ya ukuta usitunyang'anye."

Nimekuambia ujue tu. Sijatetea kitu.

Mama Nukta

---

11 Julai

Mama Nukta,

Shikamoo. Kama hutaki kuiitikia nitaelewa.

Barua yangu kwa mwalimu mkuu imeondoka jana, nimemwomba aifunue mashine na airudishe juzuu. Sasa nikwambie ukweli, maana wewe uliniambia wako nami nikaurudisha kwa matusi.

Kitabu cha pili hakipo. Hakijakwama siku mbili tatu. Miaka sita, Mama, sijaandika hata ukurasa mmoja niliouacha uishi. Mama yangu anapowanyamazisha wageni, mimi ndani nachonga penseli. Nimechonga penseli nzima mpaka kifutio. Nimebandua rangi ya ukuta sehemu ya ukubwa wa mlango. Mchapishaji ameniandikia kwamba mwaka huu ukiisha bila muswada, jina langu wataliondoa kwenye orodha yao. Barua hiyo sijamwonyesha mtu.

Kila nikiandika sentensi, naipima kwa zile zilizosifiwa, naiona haina urembo, naifuta. Naandika nyingine yenye urembo, naiona ni yaleyale, naifuta.

Baada ya barua yako ya Aprili nilichukua kitabu changu nikafungua sura ile, nithibitishe jinsi ulivyoniharibia. Nikaisoma kwa sauti. Kurasa kumi na sita ndugu wawili wanahutubiana, methali juu ya methali. Nilifika kwenye ule mto usio na kivuko nikaona aibu, nikaufunga mlango Mama asinisikie. Hakuna mtu anayezungumza hivyo na ndugu yake. Baba yangu na baba mdogo walikosana nikiwa mtoto, na siku walipopatana nilikuwepo, nimekaa juu ya gunia. Baba mdogo alisema, "Hii baiskeli yako mnyororo umelegea." Akaukaza. Ndivyo ilivyokuwa! Niliyaona kwa macho yangu, na nilipokaa kuandika sikuyakumbuka kabisa, kwa sababu nilikuwa natafuta maneno mazuri.

Wewe hukuwahi kuniona, na umeandika nilichokiona mimi.

Hasira yangu ilikaa wiki tano. Wivu ndio bado upo, siwezi kukudanganya. Lakini chini ya wivu kuna kitu kingine sikijui jina. Nataka kuja. Nataka kuiona hiyo karatasi. Nikubalie.

Wako,
yule asiyeandika

---

22 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Njoo.

Jumamosi, kabla ya saa nne. Usilete zawadi, lete koti, maktaba yetu ina baridi ya jokofu.

Mama Nukta

---

19 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, Mama anakushukuru kwa mkoba wa mboga.

Pale kituo cha basi uliniuliza mara mbili: "Umeona nini humo ndani?" Nami nikawa natikisa kichwa kama bubu. Wewe ulibaki kule nje ukipanga upya mafaili yaliyokuwa yamepangwa, kwa aibu ya kukaa nami chumba kimoja mbele yao. Kwa hiyo hukuona. Sasa nimetulia, nitakueleza.

Walikuwa sita kwenye ile meza ndefu. Niliingia sikuona nyuso, niliona mikono. Mkono wa kushoto unatangulia kuutafuta mstari unaofuata, wa kulia unaumaliza huu. Hawageuzi kichwa, hawakunji uso. Mmoja alikuwa anatabasamu kuelekea dirishani huku vidole vyake viko mahali pengine kabisa, kwenye kijiji cha mtu fulani, miaka mia iliyopita. Na sauti! Hukuniambia kuna sauti. Ni kama unga unachekechwa. Nilisimama pale na koti langu, nikapumua polepole nisiwaharibie.

Opareta akaja saa nne kamili, na sweta lake la hospitali. Hakujua nipo. Akafungua juzuu ya nne. Niliinama juu ya bega lake nikautazama ukurasa wa 61. Niliutazama kwa mbele, kwa pembeni, kama mtu anayetafuta ufa kwenye sahani. Mama, hamna nukta hata moja. Karatasi tupu.

Akaweka mikono, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

"Mdogo alifika jua limeshapanda."

Vidole vilikuwa vinatembea. Vilifika mwisho wa mstari vikashuka, vikaanza mwingine. Alipofika kwenye matofali alipunguza mwendo. Kisha akasema, "Mdogo alikuwa analia, lakini jasho lilimficha."

Hilo hukuliandika, Mama. Nina barua yako, nimeikariri. Halipo.

Msichana wa darasa la saba aliyekaa kando akanyoosha mkono, akapapasa palepale, akasema, "Hapana, dada. Hakulia. Alikuwa anapiga mluzi. Soma hapa."

"Mluzi uko chini zaidi," akasema opareta. "Anapiga wakati wa kunawa."

"Basi wote wawili walipiga," akasema mwingine kutoka upande wa pili, na yeye akaja na mkono wake.

Mikono mitatu juu ya karatasi isiyo na kitu, wanaonyeshana mistari. Hawakuwa wanatania. Nilishindwa kuvumilia, nikauliza, "Samahani, mnasomaje? Hapo si pamefutika?"

Opareta akainua uso kwa upole, kama anavyojibu simu. "Hapajafutika, bibie. Wewe hupaoni?"

Nikamwambia mimi ni nani. Nilidhani wataona haya. Wakasogea kunipisha nafasi kwenye benchi, kama unavyompisha jamaa aliyechelewa kufika. Opareta akanishika kiganja, akakiweka juu ya ukurasa. Nilifumba macho. Palikuwa laini, laini kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuigusa, na pana joto. Joto la mikono yao, Mama. Nikakaa hivyo. Sijui ni dakika ngapi. Miaka sita karatasi nyeupe imekuwa adui yangu, na hawa wanakuja kwa basi kuisoma.

Nililia, na sikuwa na jasho la kunificha.

Halafu opareta akaniuliza swali. Nilifikiri atauliza kuhusu ndugu. Akauliza: "Na wewe, unadhani kesho yake waliubomoa?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua sijui. Na nikagundua kwamba nataka sana kujua. Hamu hiyo nilikuwa sijaisikia kwa miaka sita. Nilimwambia, "Sijui, dada." Akasema, "Hata sisi. Ndiyo maana tunarudi."

Basi hayo ndiyo niliyoyaona.

Sasa la kazi. Mchapishaji anataka kutoa chapa mpya ya kitabu cha kwanza. Nimemwambia sura ya mkutano itoke yangu, iingie yako, na chini yake jina lako. Amesema nimtumie. Toa neno.

Mwanao

---

9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba.

Barua yako nimeisoma maktaba, mashine ikiwa wazi mbele yangu. Mwalimu mkuu aliifunua mwenyewe. Alivyoifunika kwa heshima ndivyo alivyoifunua, akaongeza, "Lakini Mama, safari ijayo kurasa zikikosekana, andika kwamba zimekosekana." Nikamwambia ndiyo. Ana haki.

Kuhusu ukurasa: nimeunakili upya, nukta mbichi kabisa, zinachoma kidole. Wanafunzi wakanikataza nisiuondoe wa zamani. Kwa hiyo nimeushona mpya nyuma ya ule. Sasa wakifika pale wanasoma ulio tupu, kisha wanauruka niliouandika, wanaendelea mbele! Thelathini na mmoja kazini, sijawahi kudharauliwa kwa raha namna hii.

Na zile kurasa zako kumi na sita za kweli nimezinakili pia, kutoka nakala uliyoniachia, zimenila kurasa arobaini. Ni haki yao wazijue. Opareta amezisoma zote kwa Jumamosi mbili. Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Hawa ndugu wanaongea kama watu wa redio." Nimeona nisikufiche.

Amenieleza kitu kingine. Alimpigia dada yake. Walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya mama yao. Alipopokea, opareta akamwuliza, "Ule mlango wa jikoni bado unakwama ukifungwa?" Dada akasema bado. Wakaongea nusu saa kuhusu mlango.

Kuhusu jina. Nilikataa kwanza, usiku nikageuza, asubuhi nikakubali. Weka Mama Nukta. Hilo la kitambulisho hakuna anayelijua.

Ila sasa umeniletea balaa. Tangu ulipoondoka nimenunua daftari. Nalitazama, linanitazama. Wiki ya pili hii halina hata nukta. Nakaa nalo dirishani, nje hapana waashi, kuna mbuzi tu. Ninyi mnafanyaje? Mimi nilizoea maneno kuja yameshatengenezwa.

Mamako

---

3 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, hii itakuwa fupi kuliko zote.

Kuhusu daftari sina siri ya kukupa, nami nimeanza juzi tu. Ninachojua ni hiki: mwandike mbuzi. Usimpambe. Anakula nini, ameangalia wapi, nani anamfukuza. Ukimaliza mbuzi, angalia nani amemfunga kamba.

Mimi tangu Jumatatu namwandika mzee mmoja, mpima mizani wa soko. Sikumtafuta. Nilikuwa masjala natafuta faili la mtu, nikaona sahihi yake pembeni ya ramani ya zamani, imekandamizwa kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka, nikajiuliza ni hasira gani hiyo. Kurasa kumi na moja sasa. Hazina urembo hata kidogo. Jana Mama aligonga mlango kuniletea uji, nikamwambia, "Shh," akabaki amesimama pale nje na kikombe, haamini.

Siku nne mzee wangu amekaa tu kwenye kiti chake, ananijibu ninachomuuliza, mtiifu kabisa. Leo asubuhi, katikati ya sentensi, amenyanyuka. Amevaa viatu, amechukua kofia, ametoka bila kuniaga. Mama, nimepigwa na butwaa. Sikumtuma. Sijui anakwenda wapi wala kwa nani, na amebeba kitu kwenye mfuko wa koti ambacho sikukiweka mimi.

Naishia hapa. Nataka nimfuate kabla hajapinda kona.

Mwanao